Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: meno ya watoto wetu yanazibika, kwanini yanang'olewa tu?

Kwa Waheshimiwa,
Waziri mwenye dhamana ya afya,
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya.

YAH: KUOMBA HUDUMA YA KUZIBA MENO HUKU VIJIJINI

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwenye kata moja huku mkoani Singida, mwaka wa kumi na nne huu niko kazini, na sijawahi kuandika kitu hadharani kumlalamikia kiongozi. Naandika leo kwasababu njia za kimya kimya zimeisha. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono wilayani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri. Ya pili nilitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale hospitali, na kila nikipita naliona lile sanduku na kufuli lake lenye kutu sijui nani ana funguo. Ya tatu nilimpa diwani akaisoma kwenye kikao, watu wakapiga makofi, basi. Sijajibiwa hata mstari mmoja, si wa ndio si wa hapana. Kwahiyo naomba mnisome hapa, na naomba na wananchi wenzangu wasome.

Nianze na kilichonikuta, mana sitaki mtu aseme nimesikia kwa watu.

Binti yangu ana miaka tisa. Mwaka jana alianza kulalamika jino akinywa maji ya baridi, nikaangalia na mimi nikaona kadoa keusi kwenye gego la chini kulia. Nikampeleka hospitali. Tukakaa kwenye benchi na watu kama kumi na tano hivi, wengine wamefunga khanga kuanzia kidevuni hadi utosini, mzee mmoja kashika shavu anayumba mbele nyuma hasemi na mtu. Zamu yetu ilipofika tabibu wa meno akawasha tochi ya simu yake, maana taa ya kile kiti haiwaki, akamchungulia mtoto, akaligonga jino kidogo na kijichuma. Tundu lilikuwa dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akaniambia hivi, "Mwalimu, hili jino ningeliziba leo leo, ila sina cha kuzibia. Kama linamuuma sana nitaling'oa, kama anavumilia mpeleke mkoani." Pembeni yake kulikuwa na beseni la chuma lina makoleo, sindano na chupa za ganzi. Vya kung'olea vyote vilikuwepo. Cha kuzibia hakuna.

Sikumruhusu aling'oe. Nikasema nitakusanya nauli mwisho wa mwezi twende mkoani. Mwezi ule ukaingia msiba, uliofuata ikawa ada ya kaka yake, na jino likanyamaza, nikajidanganya kwamba limepona. Kumbe jino likinyamaza hivyo mara nyingi ndo limekufa ndani na usaha unajikusanya chini taratibu. Usiku mmoja akaniamsha, shavu limevimba mpaka jicho halifunguki, homa kali, mdomo anaufungua kwa shida kidole kimoja hakipiti. Asubuhi tukarudi pale pale kwa tabibu yule yule, akampa dawa siku kadhaa uvimbe upungue halafu akaling'oa. Alifanya kazi yake vizuri na kwa upole, namshukuru. Mtoto alipotoka na pamba mdomoni aliniuliza kama litaota lingine kama yale ya mbele yalivyoota. Nilishindwa kumdanganya.

Wazazi wengi hili hatulijui, na mimi ni mwalimu nilikuwa silijui: lile gego la nyuma linalotoka mtoto akiwa na miaka kama sita ni jino la kudumu. Halitanguliwi na jino lolote kung'oka, linajitokeza tu nyuma ya yale ya utoto, ndomana tunalichukulia kama jino la utoto tunasema acha litoboke litatoka. Haliji tena. Binti yangu atatafunia upande mmoja maisha yake yote kwasababu ya tundu la kichwa cha kiberiti ambalo mtaalamu aliliona mapema, akajua la kufanya, akakosa unga wa kuzibia.

Sasa Waheshimiwa, naomba niweke hoja zangu kwa namba.

1. Huku kwetu kila jino dawa yake ni koleo. Nenda na tundu dogo, nenda na kubwa, nenda na jino lililovunjika pembeni tu, jibu ni lile lile, ama ung'oe ama urudi nyumbani na panadol. Watu wameshazoea kiasi kwamba mtu haendi hospitali mpaka auguze wiki mbili, mana anajua akienda anang'olewa, na nani anakimbilia kung'olewa? Hapo katikati anabandika karafuu, anasukutua maji ya chumvi, na nimeona kwa macho yangu kijana anadondoshea maji ya betri kwenye jino, akaungua fizi na ulimi. Au anaenda duka la dawa kununua amoksilini nne tano, maumivu yakipoa anaacha, mwezi ujao tena. Tunaambiwa kila siku redioni tusitumie antibayotiki hovyo vitakuja vimelea sugu, lakini mwenye jino bovu mmemwachia njia gani nyingine?

2. Sababu tunayopewa kila mara ni mashine. Kiti kibovu, kompresa imeharibika, umeme unakatika. Hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu kwasababu hili ndo lililonifanya nishindwe kulala.

Baada ya yale ya binti yangu nilianza kusoma na kuuliza uliza. Nikakuta kwamba kuna njia ya kuziba jino bila drili, bila umeme, bila hata kiti chenyewe, mgonjwa analala kwenye meza au benchi. Kwa kifupi wanaiita ART. Mtaalamu anachukua vifaa vya mkononi, vijichuma vidogo vyenye ncha za kukwangulia, anaondoa ile sehemu laini iliyooza, anasafisha, anachanganya unga na maji yake maalumu pale pale kwenye kijisahani, anajaza tundu, anapaka vaselini kidoleni anakandamiza mpaka kishike. Kile kinachozibia kinaitwa glasi ayonoma, kinashikana na jino na kinaachia floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, na kwa mtoto hiyo ni nusu ya vita mana mtoto anachoogopa ni sindano na mlio wa mashine.

Na njia hii imeanzia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno pale Muhimbili, enzi hizo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo daktari Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wanahangaika namna ya kuwahudumia watu wa vijijini ambako umeme hakuna, ndo wakaanza kuziba kwa vifaa vya mkono peke yake. Ikaenda ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaitangazia dunia nzima. Leo watoto wa nchi za mbali wanazibwa meno kwa njia iliyobuniwa kwa ajili ya mwanakijiji wa Tanzania, na mwanakijiji mwenyewe wa Tanzania anaambiwa subiri umeme. Mwaka 2021 WHO wakaiingiza hiyo glasi ayonoma kwenye orodha yao ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na silva diamini floraidi, hii ya mwisho ni kimiminika cha kupaka tu kwenye tundu kinasimamisha kuoza, jino linabaki jeusi lakini linabaki. Dawa muhimu maana yake haitakiwi kukosekana, kama ambavyo dawa ya malaria haitakiwi kukosekana. Sasa mbona sisi tukienda hata jina lake hatulisikii?

Huyo tabibu wetu nilimuuliza kama anaijua hiyo njia. Anaijua, alifundishwa chuoni, anasema akipewa vifaa kesho anaanza kesho.

3. Umbali. Kutoka kijijini kwetu mpaka barabara kubwa ni bodaboda, kutoka hapo ni basi, ukifika mjini foleni, ukikosa namba unalala kwa ndugu kama unaye. Mtu mzima na mtoto wake wanaweza kumaliza bei ya magunia mawili ya alizeti kwa ajili ya tundu moja, na bado hajalipia kuziba kwenyewe. Ukiambiwa rudi baada ya wiki mbili, hurudi. Hilo sidhani linahitaji maelezo mengi.

4. Kadi ya bima. Mwaka wa tatu huu nalipia CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na nawahamasisha wazazi shuleni walipie kwasababu naiamini kabisa ile dhana. Lakini mzazi akishika kadi akaenda na jino, kadi inapokelewa vizuri, huduma ndo haipo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, tulifurahi, mimi nilifurahi. Ombi langu ni kwamba inapotekelezwa huku chini, kuziba jino kuandikwe wazi kwa Kiswahili ndani ya kitita cha huduma zinazolipiwa na bima, kwenye ngazi ya kituo cha afya, na sio kuishie kwenye kung'oa. Wizara ikiandika kung'oa tu basi ndo itakuwa imetuhalalishia koleo.

5. Maji yetu. Sisi wa Singida na wenzetu wa Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga tuna floraidi nyingi kwenye visima, inatoka kwenye miamba ya bonde la ufa na volkano. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwenye lita moja. Ikizidi mtoto anaota meno yenye madoa ya kahawia, yanamomonyoka, na ikizidi sana inaingia mpaka kwenye mifupa, miguu inapinda. Darasani kwangu nina watoto wanacheka wameziba mdomo kwa mkono, msichana wa darasa la saba anajibu swali ameinamisha kichwa, na ukimuuliza mama yake anasema hapigi mswaki vizuri, anamchapa mtoto kwa kosa la maji. Pale Ngurdoto, Arusha, wizara ya maji ina kituo ambacho miaka mingi kinachuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sisi huku ng'ombe tunao, mifupa tunatupa. Tunachoomba kwa kuanzia ni kidogo tu, kila kisima kinachochimbwa majibu ya kipimo yabandikwe kwenye nguzo watu wayaone, ili mwenye mtoto mdogo ajue achote wapi. Na tuambiwe wazi kuhusu magadi, kwasababu magadi tunayopikia maharage yanaongeza floraidi kwenye chungu na akina mama wengi hawajui hilo.

6. Hili la mwisho naliandika nikiwa na uchungu, meno ya plastiki. Mnajua vizuri kuna imani kwamba mtoto mchanga akiharisha na homa ana meno ya plastiki, wengine wanayaita ya nailoni, anapelekwa kwa mtu anachokoa fizi kwa kisu au spoku ya baiskeli, anatoa kitu cheupe anamwonyesha mama, kumbe kile cheupe ni jino changa la mtoto lilikuwa bado halijakomaa. Mtoto alikuwa na tumbo au malaria, sasa ana tumbo, malaria na kidonda mdomoni, anavuja damu, anaweza kupata tetenasi, na wapo wanaokufa. Ninao wanafunzi ambao hawana chonge, na wengine yaliota yamepinda, sababu ni hiyo. Imani hii inakaa pale ambapo hakuna mtu wa meno wa kumwambia mama ukweli kwa upole. Mama akienda kliniki anapimiwa mtoto uzito, anapewa chanjo, hakuna anayefunua mdomo wa mtoto hata dakika moja na kumwambia mama hivi vyeupe ni meno yake, usimpeleke popote, tibu kuhara kwanza.

Najua majibu yatakayokuja, nimeyasikia yote kwenye korido.

Mtasema bajeti. Sawa, nchi ina mambo mengi. Lakini hapa siombi kiti cha meno cha mamilioni wala jengo. Seti ya vifaa vya mkono inachemshwa na kutumika tena miaka, na chupa ya unga inaziba meno mengi. Hesabu pia upande wa pili, dawa za uvimbe, kulazwa, rufaa, gari la wagonjwa. Usaha wa gego la chini ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa mtu anakufa kwa jino, madaktari wenu wanaijua vizuri hiyo hali kuliko mimi.

Mtasema wataalamu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, lakini wapo vijana waliosoma utabibu wa meno, vyuo vya serikali kama Tanga na Mbeya vimefundisha matabibu na waganga wasaidizi wa meno miaka na miaka, na hapa kwetu namjua mmoja aliyemaliza diploma anaendesha bodaboda, ndo aliyenipeleka stendi siku ile na mtoto kavimba. Njiani ananiambia, "Mwalimu huyo angewahi kuzibwa tu." Nilikaa kimya nyuma ya ile pikipiki sikuwa na la kumjibu.

Mtasema wananchi wenyewe wanataka kung'oa. Wanataka kung'oa kwasababu hawajawahi kuona kitu kingine. Mtu aliyezaliwa akakuta baba na mama wanang'olewa, babu hana jino hata moja, atajuaje kwamba jino linazibwa? Wekeni huduma kwanza mwaka mmoja halafu mhesabu.

Na kuna jibu ambalo halisemwi kwa sauti, kwamba meno si ugonjwa mkubwa. WHO kwenye ripoti yao ya mwaka 2022 walisema magonjwa ya kinywa yanawagusa watu karibu bilioni 3.5 duniani. Mimi sina mizani ya dunia, nina darasa. Mtoto mwenye jino hasikii hesabu. Anaweka kichwa kwenye dawati, mwenzake akimgusa anapigana, saa nne analia, anarudishwa nyumbani, kesho haji, kesho kutwa haji. Kwenye daftari la mahudhurio naandika mgonjwa. Nikipitia kurasa za nyuma sasa hivi naanza kujiuliza ni wangapi walikuwa meno.

Ninachoomba, nakiomba kwa heshima na kwa uwazi.

Kwanza, kila kituo cha afya chenye tabibu wa meno kipewe vifaa vya kuziba kwa mkono na glasi ayonoma, na Bohari ya Dawa isiviweke kwenye fungu la vitu vya kusubiri. Hili linaweza kuanza mwaka huu huu wa fedha. Pale ambapo hakuna tabibu, tuambiwe atakuja lini, tupewe mwezi na mwaka.

Pili, tabibu apewe usafiri afike mashuleni mara mbili kwa mwaka, akague, azibe pale pale darasani. Madawati tunayo, maji tutachota, wazazi nitawaita mwenyewe. Watoto wa darasa la kwanza na la pili ndo waanze, kwasababu ndo magego yao yanatoka muda huo.

Tatu, pale hospitali pabandikwe ubao unaoonyesha huduma za meno zilizopo, bei zake, na kipi kinalipiwa na CHF. Mtu atoke nyumbani akijua.

Nne, kliniki ya mama na mtoto wahudumu wafundishwe kuangalia mdomo na kuzungumzia meno ya plastiki kila wiki, sio siku ya maadhimisho ya afya ya kinywa ya tarehe 20 Machi peke yake, tisheti zinagawiwa na tunapiga picha halafu kimya mpaka mwakani.

Na tano nijibiwe. Hata kama jibu ni hapana, naomba liwe kwenye karatasi na lina sahihi ya mtu.

Sina ugomvi na tabibu wetu wala na hospitali yetu, yule kijana anang'oa meno kutwa nzima amesimama kwa tochi ya simu na hajawahi kumtolea mtu lugha mbaya. Naomba asije akaulizwa kwa barua hii. Maneno yote humu ni yangu.

Wiki iliyopita nilimwambia binti yangu afungue mdomo nikamwangalia kwa tochi kama tabibu alivyofanya. Gego la upande wa pili, la kushoto chini, limeanza alama ya kahawia katikati. Bado halimuumi. Bado linazibika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi na mzazi,
Singida.